Majenerali wa Marekani walikuwa mabeshte kabla ya vita?

msomaji_umoja: Wasee, kuna mzee hapa steji ameniambia majenerali waliopigana ile vita ya Marekani ya Kaskazini na Kusini, 1861 hadi 1865, walikuwa wanajuana kitambo. Ni ukweli ama stori za jaba?

BudaHistoria: Ni ukweli. Wengi walisoma West Point, chuo cha jeshi, halafu wakaenda vita vya Mexico pamoja. Cheki Grant wa Kaskazini na Buckner wa Kusini. 1854 Grant ameacha jeshi, amefika New York hana hata ndururu na hoteli inadai, Buckner akamsimamia mpaka pesa za nyumbani zikafika. Haya, Februari 1862 Buckner amezingirwa kwa ngome ya Fort Donelson, anauliza masharti, Grant anamjibu hakuna masharti, salimu amri tu. Buckner alichomeka vibaya. Lakini baadaye Grant akamvuta kando, akamwambia kama ana shida ya pesa aseme.

mtoi_wa_kayole: Hao walibahatika. Armistead wa Kusini na beshte yake Hancock wa Kaskazini waliagana California 1861, kufika Julai 3, 1863 kwa vita ya Gettysburg Armistead anapandisha watu wake mlimani na anayelinda huko juu ni Hancock. Wote wakapigwa risasi siku hiyohiyo. Hancock akapona, Armistead akafa siku mbili baadaye.

msomaji_umoja: Dah. Na Buckner alimsamehe Grant?

BudaHistoria: Alienda kumwona Grant akiugua kansa ya koo, 1885. Mazishini akawa kwa wabeba jeneza wa heshima, pamoja na Sherman, jenerali wa Kaskazini.