Laptopu yakatika waifai ghorofani, simu haina neno (Mji wa Kale, Mombasa)

kibokoni_juu: Hamjambo humu. Laptopu ni ya Windows 10, ruta iko chini sebuleni, chumba kiko ghorofa ya kwanza. Waifai hushika dakika tano au kumi, kisha yaja alama ya manjano: imeunganishwa, hakuna intaneti. Simu chumba hichohicho yashika vizuri. Ruta nimeizima na kuiwasha, nenosiri nimeliandika upya. Nipige Windows upya?

fundi_tononoka: Windows iache kwanza. Alama hiyo haikwambii kilichokatika ni kipi. Ikija tena, fungua cmd (dirisha la kuandikia amri), andika `ipconfig`. Anwani ikianza na 169.254, laptopu haikupewa anwani na ruta, imejipa yenyewe; piga `ipconfig /release`, kisha `ipconfig /renew`. Ikiwa anwani ni ya kawaida, pigia `ping` (amri ya kujaribu kama mashine yajibu) namba ya Default Gateway, yaani ruta, halafu 8.8.8.8, seva ya Google huko nje. Zote zikijibu na kurasa hazifunguki, ni DNS, inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba; safisha kumbukumbu yake: `ipconfig /flushdns`. Ruta ikijibu na 8.8.8.8 ikanyamaza, shida iko mbele ya ruta, ila hapo hata simu ingelalamika. Ruta yenyewe isipojibu, shida ni hewani, kati ya laptopu na ruta. Toa `netsh wlan show interfaces` utuwekee Channel (chaneli) na Signal (nguvu ya mawimbi).

kibokoni_juu: 192.168.1.14. Ping nne kwa ruta, mbili zimepotea. Channel 44, Signal 36%.

neti_pwani: Chaneli 44 ni ya masafa ya 5 GHz, shida ndiyo hiyo. Nyumba za huko ni mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene. 5 GHz huchoka haraka kuliko 2.4, na simu yaelekea imeshika 2.4. Kwenye Windows fungua Device Manager, Network adapters, kadi yako ya waifai, Advanced, Preferred Band: chagua 2.4. Kadi nyingine hazina kipengele hicho. Basi ingia kwenye ruta, kila masafa uyape jina lake. Kwenye 2.4 tumia chaneli 1, 6 au 11, upana 20 MHz. Ukiweka 40 mtaa umebanana hivyo, mtapigana vikumbo na majirani. Kasi itashuka kidogo. Ukiwa hapohapo, kwenye Power Management toa tiki inayoruhusu kompyuta kuizima kadi.

fundi_tononoka: Sawa, lakini kabla hujabadilisha, ishushe laptopu mita 1 tu kutoka kwa ruta. Signal ikipita 90%, kosa ni la ukuta. Ikibaki 50 au 60, kosa ni la antena: zima, fungua kifuniko, chomoa betri kwanza, utazame nyaya mbili nyembamba kwenye kadi ya waifai. Hewa yetu ya chumvi huzitia kutu ya kijani. Ng'oa kichwa cha waya kwa kukiinua wima, usivute waya. Futa kwa pamba na spiriti ya isopropili, ikauke, rudisha kwa kubonyeza hadi kilie tak. Usifanye mara kwa mara, vichwa hivyo hulegea.

kibokoni_juu: Kando ya ruta 97%. Nimehamia 2.4, chaneli 6: ghorofani 71%, ping 200 hakuna iliyopotea.

fundi_tononoka: Basi bisibisi irudishe kabatini.