Naomba ushauri: darasa la biashara na ishu ya paswedi

Habari zenu wakuu. Mi ni CR (mwakilishi wa darasa), diploma ya biashara mwaka wa 2, Dar. Juzi mwenzetu kapigiwa simu na mtu anajifanya wa huduma kwa wateja, naye akamtajia PIN na zile namba za kwenye meseji, hela ya ada ikaondoka yote, na huyo ndo anatuongoza kwenye uhasibu! Kipindi cha kompyuta tunafundishwa Excel tu. Nikituma maonyo kwenye grupu la WhatsApp wanarudisha stika za kucheka, na paswedi za wengi bado ni namba ya usajili. Ijumaa nimepewa dakika 30 za kuongea nao, nianze na lipi, uthibitisho wa hatua mbili (paswedi pamoja na namba ya pili ya kuthibitisha) au Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022? Na nitawapimaje bila kumuaibisha yule jamaa?