Lenzi ya kupiga picha za ndege: 100-400 au 150-600?

kurea_naivasha: Wadau habari zenu. Niko na kamera ya Canon 90D na lenzi ya 70-300 (ni milimita, namba ikiwa kubwa inavuta mbali zaidi), juzi nilikuwa kwenye boti Naivasha, furukombe akashuka kuchukua samaki kama mita 40 hivi, nikabonyeza weee, kufika nyumbani nakuza picha manyoya hayaonekani kabisa, iliniuma sana. Nimejichanga ninunue moja tu, Canon 100-400 II au Sigma 150-600 Contemporary?

BabaChozi: Kaka kama unashinda kwenye boti chukua 100-400. Ina kilo 1.6 hivi, Sigma inakaribia 2, na ukishaishika mkononi saa mbili mfululizo utaisikia hiyo tofauti begani. Halafu sensa ya 90D, ile sehemu inayonasa picha, ni ndogo, kwa hiyo 400 inavuta kama 640. Shata (kasi ya kupiga) weka 1/2000 ya sekunde au zaidi, ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) iache otomatiki.

mama_wa_mikoko: Mie natumia 150-600, nampiga chozi, yule ndege mdogo wa kunyonya maua, akiwa kwenye ua bila kumsogelea na nikiwa 600 nafunga tundu la lenzi mpaka f/8, hapo hata manyoya unayahesabu. Ila ndugu yangu, hata lenzi ya bei gani, saa sita mchana hewa juu ya maji inachezacheza na picha haitoki safi. Toka saa kumi na mbili asubuhi. Na kama ni mtumba imulike tochi ndani, uangalie kuvu kwenye vioo.

kurea_naivasha: Asanteni sana, 100-400 basi.