Mama anaficha vidonge vya saratani, nifanyeje?

Binti_Tabata: Habari zenu wakuu. Mama yangu ana miaka 61. Mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa saratani ya titi, akamaliza dripu na mionzi, sasa anatumia tamoksifeni miligramu 20, kidonge kimoja kwa siku, kwa miaka 5. Juzi namtandikia kitanda nikakuta vidonge amevifunga kwenye pindo la khanga. Nikahesabu, 11. Kumuuliza akasema, "Mwanangu, vinaniunguza." Usiku jasho linamtoka hadi shuka linaloa, anafungua dirisha na mbu wanaingia. Jirani kamletea mitishamba ya kupooza joto. Je, nimpe viwili viwili afidie alivyoruka? Halafu mguu wa kushoto unamuuma tangu Ijumaa, mwenyewe anasema ni baridi yabisi.

Mwaka_wa_Nne: Pole mdogo wangu. Vidonge hivyo nami navimeza, joto lake nalijua. Mimi nilipunguza chai ya moto na pilipili jioni, nalala na khanga nyepesi ya pamba, kitambaa kibichi kando ya kitanda. Ila tafadhali usimgombeze. Nami niliwahi kuficha, kwa sababu kila niliyemlalamikia aliniambia vumilia tu.

Nesi_Mstaafu: Dada, tuanze na huo mguu. Umevimba? Una joto? Tamoksifeni inaweza kusababisha damu kugandia kwenye mishipa ya mguu. Msiukande wala kuuchua. Mpeleke hospitali leo hii, msingoje siku ya kliniki. Akibanwa kifua au akikosa pumzi, hiyo ni dharura, mkimbie naye.
Vidonge alivyoruka vimepita, usifidie hata kimoja. Cha leo asimeze mpaka daktari amwone. Mitishamba isimamishwe, lakini ibebeni daktari aione. Na akiandikiwa dawa ya sonona popote pale, aseme anatumia tamoksifeni, maana fluoksetini na paroksetini huipunguzia nguvu. Tena, kwa umri wake, hata tone la damu ukeni lisifichwe.

Binti_Tabata: Nimepima vigimbi kwa tepu ya cherehani. Kulia sentimita 34, kushoto 38. Tunatoka sasa hivi.

Nesi_Mstaafu: Nendeni. Beba na boksi la dawa.

Binti_Tabata: Tumelazwa. Ultrasaundi imeonyesha bonge la damu nyuma ya goti. Anachomwa sindano za kuzuia lisikue. Tamoksifeni imesimamishwa, akitengemaa ataanzishiwa anastrozoli, kidonge kingine cha saratani ya titi, kwa kuwa hedhi ilishakoma. Mama kauliza kama nayo inaunguza. Daktari hakumficha, kamwambia joto linaweza kuwepo na viungo vinaweza kuuma, na mifupa yake itapimwa, ila likimzidi aseme, zipo njia za kulituliza. Mama kalia. Kasema hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anaruhusiwa kusema.

Mwaka_wa_Nne: Akiruhusiwa kurudi nyumbani niunganishe naye. Usiku nami silali, tutaongea.