Uji wa Baba Mkubwa

Shangazi Zuhura: Assalaam alaykum. Nimeletewa ujumbe unasema kalsiamu, ile madini iliyomo kwenye maziwa, ndiyo inayoua ubongo baada ya kiharusi. Na sisi tangu juzi tunampa Kaka uji wa maziwa! Nimemwambia Mwajuma asipike tena.

Rehema: Waalaykum salaam. Shikamoo Shangazi. Msimnyime uji kwa sababu hiyo, tafadhali. Natoka zamu sasa hivi, naeleza.

Mjomba Bakari: Eleza taratibu mwanangu, wengine shule tuliiacha mapema.

Rehema: Asante kwa kunisikiliza, Mjomba. Huo ujumbe umeshika nusu ya habari. Nje ya seli ya ubongo kalsiamu ni nyingi kama mara 10,000 kuliko ndani. Seli ina pampu za kuitoa nje usiku na mchana, nazo zinakula nishati. Mshipa wa damu ukiziba, kama ilivyompata Baba Mkubwa, oksijeni na sukari hazifiki. Baada ya dakika chache pampu zinazima.

Mjomba Bakari: Kama ngalawa inayovuja, na mchota maji kaishiwa nguvu.

Rehema: Hasa! Na kuna zaidi. Seli zinazozama zinamwaga glutameti, kemikali zinayoitumia kupelekeana habari. Ikiwa nyingi, inafungua milango ya seli za jirani, kalsiamu inaingia huko pia. Ikishaingia inaamsha vimeng'enya vinavyokata protini na utando wa seli yenyewe. Mitokondria, zile zinazotengeneza nishati, zinaimeza hadi zinaharibika. Seli za katikati ya sehemu iliyokosa damu zinakufa upesi. Za pembeni zinaweza kukaa saa kadhaa, nyingine siku, kabla hazijafa.

Shangazi Zuhura: Sasa maziwa si yanaongeza?

Rehema: Hapana. Karibu asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili iko kwenye mifupa na meno. Ile ya damu inalindwa na tezi nne ndogo za shingoni. Kikombe cha maziwa hakifungui milango ya ubongo. Kilichoifungua ni damu kukosekana.

Juma: Dada, basi si wampe dawa ya kufunga hiyo milango?

Rehema: Zilijaribiwa, Juma, nyingi sana. Kwa panya zilifaa. Kwa watu ambao mshipa umeziba hazikusaidia. Nimodipini, mojawapo ya dawa hizo, inatumika kwa wale ambao mshipa umepasuka na damu imevuja kuzunguka ubongo, si kwa Baba Mkubwa. Kinachookoa ni kufungua mshipa mapema. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze.

Shangazi Zuhura: Na sisi tulimkanda mafuta mpaka asubuhi.

Mjomba Bakari: Zuhura, hatukujua.

Rehema: Shangazi, nawe ndiye uliyembeba. Ila jamani, mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, ni hospitali dakika ile ile. Sasa niambieni, wamempima kumeza?

Mwajuma: Hapana. Jana alikohoa sana alipokunywa.

Rehema: Hapo ndipo penye hofu yangu, uji kuingia mapafuni. Usimpe chochote mdomoni, hata maji, hata vidonge. Mwite muuguzi sasa, mwambie alikohoa, ampime kumeza.

Mwajuma: Nakwenda. Kikombe nimekiweka chini.

Shangazi Zuhura: Leo nalala naye mimi. Juma, njoo unifuate baada ya Magharibi.