Ct 17: mgonjwa atazidiwa?

Swali: Wakuu, PCR (kipimo cha maabara cha virusi) ya UVIKO-19 imetoa Ct 17, yaani mashine imezungusha mara 17 hadi kuviona virusi; namba ikiwa ndogo, virusi ni vingi. Virusi vikiwa vingi hivyo, mgonjwa ndiyo atazidiwa?

Jibu: Si lazima, mkuu. Ct ikishuka kwa 3.3, virusi ni kama mara 10 zaidi. 17 na 27 zinapishana takriban mara 1,000. Ila kijiti cha kuchukulia sampuli kisipofika nyuma kabisa ya pua, namba inapanda na kukudanganya. Usilinganishe mashine tofauti pia.

Jibu: Angalia ni siku ya ngapi tangu dalili zianze. Virusi hufikia kilele dalili zinapoanza. Kwa SARS ya 2003, ugonjwa wa kirusi ndugu na hiki, kilele kilikuwa karibu siku ya 10. Wengi wa wanaozidiwa huzidiwa wiki ya pili, kinga ya mwili inapovimbisha mapafu, wakati puani virusi vimeshapungua.

Jibu: Basi pima oksijeni kidoleni. Chini ya 94%, hospitali haraka! Deksamethasoni, dawa ya kutuliza huo uvimbe, ni ya anayehitaji oksijeni tu.