Naomba ushauri: wanafunzi wangu kuandika blogu badala ya insha

Mwalimu wa Bara: Wanajamvi, heshima kwenu. Ninafundisha Kiswahili kidato cha tatu katika shule ya bweni. Kwa miaka mingi nimesahihisha insha zenye utangulizi uleule wa kukariri, kwa sababu mwanafunzi anajua kwamba msomaji wake ni mimi peke yangu na kalamu yangu nyekundu. Hivyo tangu Januari kila mmoja anaandika makala ya blogu, wenzake wanaitolea maoni, naye anaiandika upya kabla sijaipa alama. Sijawahi kuona wakiandika vizuri namna hii. Mkuu wa shule anataka nisitishe. Nifanyeje?

Kalamu ya Mkaa: Mwalimu, anza na leseni. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 hapa Tanzania ziliwataka wenye blogu wakate leseni, nami niliifunga yangu ya mashairi kwa kukosa ada. Soma kanuni zinazotumika sasa.

Mama Wanne: Mtihani wa kidato cha nne huandikwa kwa kalamu na karatasi. Mwanangu wa pili alizoea kuandika kwenye simu, na siku ya mtihani muda ulimwishia akiwa hajafika nusu ya insha. Mzoeshe mtoto kile kinachomsubiri.

Msomaji Kimya: Samahani, kisa hiki nakitilia shaka. Wanafunzi wa bweni hawaruhusiwi kuwa na simu. Wanachapisha kwa kutumia nini?

Mwalimu wa Bara: Sijatunga, ndugu yangu. Wanaandika kwa mkono, maoni wanaandikiana kwenye vikaratasi, kisha jioni mimi ninazichapa makala zote kwa kompyuta yangu.

Msomaji Kimya: Nakuomba radhi. Lakini basi mchapishaji ni wewe. Unazitoa kwa majina gani, na mkuu wa shule ametaja sababu ipi?

Mwalimu wa Bara: Kwa majina yao kamili. Binti mmoja alieleza jinsi baba yake alivyouza shamba la mama yake kwa siri. Shangazi akaisoma, na baba akaja shuleni akiwa na hasira. Sikulitaja hilo mwanzoni kwa kuhofia kwamba mngeliona hilo tu na kuisahau kazi yote. Makala ile ndiyo bora kuliko zote, aliiandika upya mara nne kwa kuwa ilibeba jina lake, na sikusudii kuiondoa.

Kalamu ya Mkaa: Kumbe leseni ni jambo dogo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti. Iondoe leo. Jina la kubuni lingemtosha. Sote humu tunayatumia, na bado tunapima kila tunachokiandika.

Mama Wanne: Binti mwenyewe anasemaje? Likizo atakwenda kwa baba huyohuyo?

Mwalimu wa Bara: Shule inafungwa Ijumaa. Nimezungumza na baba, na mkuu wa shule, na ninyi, yeye sijamuuliza. Makala nimeiondoa sasa hivi.